Kuogopa Kuongea Kiingereza: Maswali ya Watu Wazima wa Kisumu na Jirani

Haya ni maswali tunayoulizwa karibu kila wiki na watu wanaosoma Kiingereza jioni hapa Kisumu: wachuuzi wa Kibuye, waendesha boda boda, walinzi, wahudumu wa hoteli, kina mama wanaotaka kuwasaidia watoto na kazi ya nyumbani, wauguzi wanaosaka kazi ng'ambo. Wachache hupiga simu kutoka Nakuru na Kakamega. Sarufi haimo humu, ina siku yake. Hapa ni woga tu, kwa sababu huo ndio unaowafanya watu waache masomo, wala si nyakati za vitenzi.

Mwalimu, mimi nasoma gazeti na naelewa. Kwa nini nikifungua mdomo maneno yanatoroka?

Kuelewa ni kazi moja, kusema ni nyingine. Ukisoma, neno liko mbele yako, unalitambua tu. Ukiongea, unalitafuta mwenyewe, unalipanga na wenzake, unalitamka, na wakati huo wote kuna mtu amekukodolea macho akingoja. Shule zetu zilitunoa kwa ile ya kwanza. Tazama mtihani wa Kiingereza wa KCSE, ule wa kumaliza kidato cha nne: karatasi zote tatu ni za kuandika, na hata maswali ya matamshi hujibiwa kwa kalamu. Mtu anaweza kutoka kidato cha nne na B safi bila mwalimu yeyote kuwahi kumsikia akitoa sentensi tano mfululizo.

Kisha woga unaingia. Akili ina nafasi finyu ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Nusu ya nafasi hiyo ikishajaa "wananionaje", "nimekosea wapi", "yule anacheka nini", inayobaki haitoshi kutafutia maneno. Ndiyo maana neno lililokukwama mbele ya meneja linakuja lenyewe ukiwa umeshapanda matatu ya kurudi nyumbani. Hukuwa umelisahau. Lilikosa njia tu.

Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, waliandika juu ya woga huu, wakatunga na dodoso la kauli 33 la kuupima. Walisema ni woga wa namna yake, na unaweza kumpata hata mtu ambaye mahali pengine ni jasiri. Hilo sisi huliona kila siku. Makanga wa Kondele anayeweza kubishana na abiria gari zima bila kumeza mate, mwulize kwa Kiingereza anatoka wapi, atatazama viatu vyake. Watafiti hao waliuhusisha woga huo na mambo matatu: kuogopa kuongea, kuogopa mtihani na kuogopa kuhukumiwa na watu. Mimi, kwa nilivyowaona wanafunzi wangu, hilo la tatu ndilo lenye mzigo. Watu wetu hawaogopi Kiingereza chenyewe. Wanaogopa kuchekwa.

Woga huu tuliutoa wapi?

Kwa walio wengi, shule ya msingi. Waliosoma zamani wanakumbuka kile kibao, mahali pengine kilikuwa kipande cha mfupa au kifuniko cha mkebe, kilichofungwa kamba na kuvishwa shingoni mtoto aliyesikika akiongea lugha ya mama. Ulikivaa hadi umnase mwenzako akiteleza, ukampa yeye. Jioni mwalimu alianza na aliyekuwa nacho mwisho, akamwuliza nani alimpa, na huyo naye nani alimpa, mpaka mstari mzima ukapanga foleni ya kiboko. Mtoto mwenye akili aligundua haraka njia ya kukikwepa: anyamaze toka asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Miaka thelathini baadaye tunamshangaa mtu mzima anayejibu "yes" na "no" tu.

Pili, kuna sisi wenyewe. Kenya nzima hucheka lafudhi. Wachekeshaji wa televisheni wamejenga nyumba kwa kuiga Kiingereza cha Mluhya, Mkikuyu, Mkalenjin na Mjaluo. Vichekesho vizuri, sikatai, nami hucheka. Lakini mtu akishawaona watu wakivunjika mbavu kwa sababu ya jinsi mama yake anavyotamka "fish", atafikiri mara mbili kabla ya kuinua mkono kwenye mkutano.

Na huku Nyanza tuna letu la ziada: tunapenda ng'eng'e nzito, yaani Kiingereza cha maneno makubwa. Mtu akisimama kwenye matanga asipomwaga maneno ya silabi sita, wengine wanaona hakusoma. Kwa hiyo anayeanza anajipima na mzee aliyekuwa mwalimu mkuu, badala ya kujipima na alivyokuwa yeye mwezi uliopita. Wacha ng'eng'e nzito kwa wenye nayo. Mteja anayetaka kujua bei ya kiti anataka bei ya kiti.

Je, ni lazima nijue Kiingereza ndipo nihudumiwe?

La. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni mbili: Kiswahili na Kiingereza. Ukiingia ofisi ya serikali ukaongea Kiswahili, hujavunja adabu na huombi msaada, unatumia lugha rasmi. Nawaambia wanafunzi hivi siku za mwanzo kabisa kwa sababu mtu anayejifunza akiwa na aibu hujifunza vibaya. Soma Kiingereza kwa kuwa kuna kitu unakitaka huko: kazi, wateja, masomo, vitabu vya mtoto. Usikisome kama mtu anayelipa deni.

Nina miaka 47. Sijachelewa?

Kwa lafudhi, pengine ndiyo. Kwa mengine yote, hapana. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba mlango wa kujifunza lugha kwa urahisi huanza kufungwa karibu na kubalehe. Wataalamu wamebishana juu ya hoja hiyo tangu hapo, lakini jambo moja linaonekana wazi kwa macho: anayeanza ukubwani mara nyingi hubaki na lafudhi ya kwao. Msamiati na sarufi anaweza kuvipata, tena mwanzoni mara nyingi kwa kasi kuliko mtoto, kwa vile mtu mzima anajua kusoma, anajua kuuliza, na anajua anachotaka.

Mfano wangu ni Joseph Conrad. Alikuwa Mpolandi, Kifaransa kikiwa lugha yake ya pili, akafika Uingereza mwaka 1878 akiwa na miaka 20 na Kiingereza cha kubahatisha. Baadaye akawa miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya za Kiingereza. Lafudhi yake ya Kipolandi ilibaki nzito mpaka alipokufa mwaka 1924. Wageni walikuwa hawamwelewi vizuri akiongea, na vitabu vyake vinasomwa mpaka leo.

Mimi nashrabu sana, lugha ya mama inasikika kwenye Kiingereza changu. Nitaondoaje lafudhi?

Kwanza uliza kama inafaa kuiondoa. Duniani wanaozungumza Kiingereza ni karibu watu bilioni moja na nusu, na waliozaliwa nacho hawafiki milioni 400. Maana yake mazungumzo mengi ya Kiingereza leo ni kati ya watu wenye lafudhi: Mhindi na Mkenya, Mchina na Mnigeria. Hakuna mwenye haki ya kumcheka mwenzake.

Ila kuna kushrabu kunakobadilisha maana na kushrabu kusikodhuru, na hapo ndipo ningetaka uweke nguvu zako. Kila lugha ya huku ina mtego wake. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sauti "sh", kwa hiyo "shop" hutoka kama "sop". Wenzetu wa Nakuru wenye asili ya Kikuyu huchanganya "r" na "l", hivyo "rice" (wali) inaweza kugeuka "lice" (chawa), na hapo kweli mteja atashtuka. Wakalenjin na baadhi ya Waluhya hupata shida kutenganisha "p" na "b", "t" na "d", "k" na "g". Kijue chako kimoja, ukifanyie kazi peke yake. Shika simu, rekodi maneno kumi yenye sauti hiyo, sikiliza, rudia. Usijaribu kurekebisha mdomo mzima.

Linalosumbua zaidi ya hizo herufi ni mkazo. Sisi wa Kiswahili tumezoea kuukanyagia silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri. Kiingereza hakina kanuni moja namna hiyo. Tazama familia hii: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic. Neno lilelile, mkazo unahama. Wengi wetu husema "comforTAble", na msikilizaji wa mbali anabaki akitafuta umesema nini, maana yeye anasubiri mkazo mwanzoni. Ukijifunza neno jipya, andika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa kwenye daftari lako. Ni kazi ndogo, na inasaidia kuliko kuiga pua za Wamarekani.

Kwa wanaouza, kuna hasara ya fedha kabisa: 13 na 30, 15 na 50. Mkazo wa "thirTEEN" huegemea mwisho na wa "THIRty" uko mwanzo. Ukiwa na wasiwasi, taja tarakimu mojamoja, "one-five" au "five-zero", au andika kwenye simu umwonyeshe mteja. Hakuna aibu hapo. Hata wenye lugha hufanya hivyo kwenye simu.

Na wakinicheka?

Watakucheka. Si wote, lakini yupo atakayecheka, na ningekuwa nakudanganya nikisema hayupo. Ndiyo maana jambo la kwanza la kupanga ni nani atakusikia, kabla hata ya kupanga utakachosema.

Tengeneza ngazi yako. Mwanzoni ongea peke yako, simu ikiwa inarekodi. Kisha tafuta mtu mmoja asiye na sababu ya kukudharau: mwanafunzi mwenzako wa kiwango chako, dada unayeaminiana naye, rafiki wa kanisani. Halafu mgeni kabisa ambaye hutaonana naye tena. Hawa ndio wazuri kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni kabisa ndipo uje kwa wafanyakazi wenzako na ukoo. Wengi huanzia huku mwisho, kwenye kikao cha familia, mbele ya binamu aliyerudi kutoka Nairobi na shingo ngumu, wakachekwa mara moja, wakafunga mdomo mwaka mzima.

Akicheka, una mambo mawili ya kufanya. La kwanza, maliza sentensi. Usirudi nyuma kuirekebisha, usicheke naye kwa kujidhalilisha, ifikishe tu mwisho wake. La pili, kama ni mtu mnayeheshimiana, mwulize pembeni, "Ningesemaje?" Anayejua atakwambia. Asiyejua atanyamaza, na hao utashangaa jinsi walivyo wengi.

Kuhusu mume, mke, au shemeji anayecheka kila siku: usifanye mazoezi mbele yake. Sina jibu la hekima kuliko hilo.

Nianze na sarufi au nianze kuongea?

Anza kuongea na kilichopo. Ukingoja sarufi ikamilike utazeeka. Maneno 2,000 yanayotumika sana katika Kiingereza hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida, na katika mazungumzo ya kila siku hubeba zaidi. Mkenya aliyemaliza darasa la nane tayari anayo mengi ya hayo. Yamelala tu.

Nikupe mfano. Kuna kijana wa mashua pale Dunga ambaye huwapeleka watalii kuangalia ndege kwenye mafunjo. Akianza habari za papyrus gonolek, ndege mweusi mwenye kifua chekundu anayeishi kwenye mafunjo hayo, Kiingereza kinamtoka kama maji: anakula nini, analia vipi, kwa nini anapotea mafunjo yakikatwa. Hakwami, haombi radhi. Siku moja mgeni, wakiwa wanarudi ufukweni, akamwuliza tu wikendi yake ilikuwaje. Kijana akakauka. Alikuja darasani akisema "Kiingereza changu ni kibaya". Lakini Kiingereza chake cha ndege ni kizuri kuliko changu! Alichokosa ni mada. Ile ya ndege ameirudia mara mia, ya wikendi hajawahi kuitamka hata mara moja.

Basi usijiulize kama unajua Kiingereza au hujui. Orodhesha mazungumzo matano unayokutana nayo kazini: kusalimia, kutaja bei, kueleza njia, kuomba ruhusa, kueleza tatizo. Yafanyie mazoezi hayo moja baada ya jingine. Mengine yatafuata.

Sina mtu wa kuongea naye. Nifanyeje mazoezi?

Kuna mbinu ya nne-tatu-mbili, ambayo Paul Nation wa New Zealand ameiandikia sana. Unachagua mada moja, tuseme kazi yako. Unaieleza kwa dakika nne. Kisha unaieleza tena, habari ileile, kwa dakika tatu. Kisha kwa mbili. Darasani kila raundi unapewa msikilizaji mpya. Ukiwa peke yako tumia kinasa sauti cha simu au jitumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Raundi ya kwanza ina "eeh" na "aah" nyingi. Ya tatu hushangaza watu: maneno ni yaleyale, lakini yametoka bila kusukumwa, kwa sababu akili haihangaiki tena na cha kusema.

Usifute rekodi. Iweke, uje uisikilize baada ya miezi mitatu.

Nje ya hapo, fuatisha. Chukua kipande kifupi cha taarifa ya habari, au kipindi cha bure cha BBC Learning English, sikiliza sentensi moja, simamisha, iseme vilevile na mapumziko yake. Ukiwa unafua au unapalilia, eleza kwa Kiingereza unachofanya. Majirani watafikiri unaomba.

Nikisahau neno katikati ya sentensi?

Lizunguke. Fundi mmoja alikwama kwenye "welding" mbele ya mteja, akasema "I join iron with fire", mteja akaelewa na kazi akapewa. Hicho ni Kiingereza halali. Weka kichwani vifungu vichache vya kukupa muda: "Let me think", "How do I put it", "Could you say that again, please?" Hicho cha mwisho hasa. Watu wetu huona kuomba kurudiwa ni kukiri ujinga, wakaitikia "yes" kwa jambo wasilolielewa, kisha wakaletewa lori la kokoto badala ya mchanga.

Kwa nini nachanganya "he" na "she" kila mara?

Kwa sababu lugha zako hazikukuuliza hilo kamwe. Kiswahili kina "yeye" mmoja, na Dholuo, Kiluhya, Kikalenjin na Kikuyu hali ni hiyohiyo. Ulimi unakimbia kabla ya akili. Hata maprofesa huteleza hapo wakichoka. Jirekebishe kama hadithi ina mwanamume na mwanamke na wanaweza kuchanganywa. Kama maana iko wazi, endelea na safari.

Nina mahojiano ya kazi wiki ijayo. Nifanye nini na hofu?

Jopo litaanza na "Tell us about yourself", au maneno kama hayo. Usikariri insha. Ukikariri, neno moja likidondoka, yote yanaanguka na utabaki ukitazama dari. Kariri sentensi ya kwanza peke yake, ile ya kukuingiza mlangoni. Baada yake shika vichwa vitatu: kazi unayofanya sasa, jambo moja ulilolifanikisha ambalo unaweza kulitaja kwa tarakimu ("I served sixty customers a day" inatosha), na kwa nini unaitaka kazi hii. Vieleze kwa nne-tatu-mbili kila jioni mpaka siku yenyewe, kila mara kwa maneno tofauti kidogo.

Siku ya mahojiano, usikubali sentensi yako ya kwanza ya Kiingereza iwe ile ya mbele ya jopo. Fika mapema. Msalimie askari wa getini kwa Kiingereza, mwulize choo kiko wapi. Mwambie wa mapokezi mvua ya jana usiku ilivyokuwa. Ulimi uwe umeshapasha. Kijasho kikikutoka na moyo ukidunda, vuta pumzi kawaida kisha itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mapigo hushuka. Na ongea taratibu kuliko unavyotaka. Mwoga hukimbia ili amalize haraka, na akikimbia ndipo anapojikwaa.

Swali usipolielewa, omba lirudiwe. Mara moja au mbili hakuna atakayekukata alama. Kujibu swali ambalo halikuulizwa, hapo ndipo kazi zinapopotea.

Jambo jingine, na hapa nitawasema waajiri kidogo: kumpima mpishi au dereva kwa ufasaha wa Kiingereza, hali wateja wake wote watakuwa watu wa Nyamasaria na Ahero, ni kupoteza wapishi wazuri.

Mimi ni muuguzi, nataka kufanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ili nikafanye kazi Uingereza. Sehemu ya kuongea inanitisha.

Ni dakika 11 hadi 14, na mtahini mmoja, na imegawanywa mara tatu. Kwanza maswali mepesi ya nyumbani, kazi na mambo upendayo. Pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa na kalamu, kisha unaongea hadi dakika mbili. Tatu, majadiliano mazito kidogo kuhusu mada hiyo. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Pia wanapokea mtihani wa OET, ambao maswali yake ni ya mazingira ya hospitali, na baadhi ya wauguzi wetu huuona mwepesi kwa sababu hiyo.

Mtahini hupima vitu vinne: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Katika matamshi anaangalia kama unaeleweka, haangalii kama umetoka London. Ile kadi ya dakika mbili ndiyo inayowaua watu, si kwa ugumu bali kwa sababu wanaishiwa na la kusema kwenye sekunde ya arobaini. Fanya mazoezi ya kueleza kitu kimoja kwa kujibu lini, wapi, na nani, ilikuwaje, na ulijisikiaje. Muuguzi anayeweza kutoa ripoti ya zamu ana ustadi huo tayari.

Nikipiga glasi mbili Kiingereza kinatiririka. Ni kweli au najidanganya?

Swali hili huulizwa na wanaume, kila muhula, kwa sauti ya chini. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya Wajerumani waliokuwa wakisoma Kiholanzi huko Maastricht. Waliopewa kileo kidogo walipewa alama bora kidogo na Waholanzi waliowasikiliza, hasa za matamshi. Wao wenyewe hawakujipa alama za juu zaidi. Mimi hapo nachukua kitu kimoja: woga ukipungua kidogo, watu husikia tofauti hata kama wewe huisikii. Kileo chenyewe sikipendekezi. Kipimo kilikuwa kidogo mno, na sijamwona mtu wa busaa aliyeishia kwenye kidogo. Halafu mahojiano ni saa tatu asubuhi.

Niongee Kiingereza na watoto nyumbani ili wasipate woga kama wangu?

Ongea nao lugha unayoweza kuwafokea, kuwabembeleza na kuwasimulia hadithi bila kufikiri. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja huyahamishia nyingine kwa urahisi. Sera ya nchi yenyewe, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kinachofanyika kwenye shule nyingi za mjini ni hadithi nyingine.

Kuhusu kazi ya nyumbani, najua kinachowatisha kina mama hapa: mtoto wa gredi ya nne kukusahihisha. Geuza meza. Mwambie, "Nifundishe ulichosoma leo." Akueleze kwa Kiingereza, nawe umwulize maswali kwa Kiingereza chako. Yeye anarudia somo, wewe unapata mazoezi, na anakua akiona mtu mzima akijifunza bila kufa.

Programu za simu zinatosha?

Kwa msamiati, zinasaidia, na hazichezi na bando lako kama video. Kwa woga, hazitoshi, kwani simu haikutazami usoni. Zitumie kwenye matatu, kisha jioni ongea na mtu.

Itachukua muda gani?

Makadirio ya Cambridge ni kwamba kufika kiwango cha A2, cha mahitaji ya msingi, ni kama saa 180 hadi 200 za masomo ya kuongozwa. B1, ngazi inayofuata, ni 350 hadi 400, na B2 iliyo juu yake ni 500 hadi 600. Hesabu hizo zinaanzia sifuri, na wewe huanzii sifuri kama ulimaliza darasa la nane. Nusu saa kila siku ni zaidi ya saa 180 kwa mwaka. Saa tatu za Jumamosi peke yake nazo zinaleta idadi inayokaribia hiyo, lakini unachosikia Jumamosi huwa kimeyeyuka kufika Alhamisi. Heri kidogo kila siku.

Woga huanza kulegea mapema kuliko Kiingereza kinavyokomaa. Kwa wengi huwa ni pale wanapoanza kuongea na mgeni wa kwanza mitaani, na hilo halingoji B1.

Nikija siku ya kwanza nitasimamishwa mbele ya darasa?

Hapana. Hakuna anayesimama mbele kabla hajaomba mwenyewe. Unakaa na mtu mmoja wa kiwango chako, mnazungumza wawili wawili, na mwalimu anapita akisikiliza bila kukatiza. Makosa huandikwa ubaoni mwishoni bila jina la mtu. Dholuo, Kiluhya na Kiswahili vinaruhusiwa ukikwama. Njoo na daftari, kalamu na simu yenye chaji ya kurekodi. Mwenye mtoto mchanga aje naye.